Matsuri za Japani: angalia miguu ya aliye mbele yako

Huu ni mwaka wangu wa tatu Nagoya, nilikuja kwa masomo, na kila nikirudi Tanga likizo watu wananiuliza treni za kasi zikoje na baridi ikoje na mishahara ikoje, hakuna hata mmoja anayeniuliza kuhusu matsuri, yaani sherehe zao za jadi, na ngoma zake. Na mi ndo kitu natamani niulizwe kuliko vyote. Kwa hiyo leo naandika mwenyewe bila kuulizwa, hasa kwa wale ndugu zangu mnaokuja huku kusoma au kufanya kazi, maana najua mtafanya kosa nililofanya mimi mwaka wa kwanza, mtaenda na simu mkononi mtarudi na picha mia mbili na hamtakuwa mmeona kitu.

Mwaka wa kwanza nilienda Kyoto kwenye Gion Matsuri. Hii ni sherehe ya mwezi mzima wa Julai, na maandamano makubwa ni tarehe 17 alafu mengine tarehe 24. Nilipanda basi usiku na wenzangu wawili, tukafika asubuhi tukakuta watu wameshajipanga pembeni ya barabara tabaka kwa tabaka, na lile joto la Kyoto la Julai, ambalo mtu wa Tanga ukiliona utasema hili nalijua, lakini hulijui, kwa sababu hakuna upepo wa bahari hata kidogo, mji umezungukwa na milima joto linakaa tu kama kwenye chungu. Tulisimama masaa. Magari ya sherehe yakapita, yanaitwa yamaboko, yale makubwa yana mlingoti unaopanda mpaka mita 25 hivi na uzito wake unafika tani 12, yanavutwa kwa kamba na wanaume arobaini hamsini, juu wamekaa wapiga filimbi na wagonga kengele ile sauti ya kin kin inayojirudia mpaka inakuingia kichwani. Mi niliona milingoti. Na nyuma ya vichwa vya watu. Nikainua simu juu nikarekodi, nikarudi Nagoya nikatuma kwenye grupu la familia, mama akajibu na kidole gumba, basi.

Baadaye ndo nikasoma na kuulizia nikajua nilichokuwa nakiangalia. Kwamba sherehe hii ilianza mwaka 869 kwa sababu ya tauni, watu walikuwa wanakufa mjini wakasimamisha mikuki mirefu 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi ya wakati ule, kuomba ugonjwa uondoke. Kwamba yale magari hayana msumari, yanafungwa kwa kamba za majani makavu tu, na kila gari ni la mtaa wake, mtaa ndo unalitunza, mtaa ndo unalifunga na kulifungua. Na kwamba yanatangulia kusafisha njia, yanazoa mabaya yote yaliyotapakaa mjini, ndo maana yakirudi tu yanafunguliwa siku hiyohiyo haraka haraka, yasikae na uchafu ule yamesimama. Mi nilipoona mafundi wanakata kamba mchana uleule nilidhani wana haraka ya kwenda kupumzika! Nilikuwa nimesimama mbele ya jambo lenyewe na sikujua ni jambo.

Kitu kimoja tu siku ile kilinikaa, ni pale kwenye kona ya Shijo na Kawaramachi. Magurudumu yale hayakati kona, hayana usukani. Kwa hiyo wanatandika mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu ya mbele, wanaimwagia maji iteleze, alafu wavutaji wanahamia upande, wale waliosimama mbele ya gari wanainua pepeo zao za mkono, wanatoa ukelele mrefu, na wote wanavuta kwa pamoja, gari zima linateleza upande, linalia, mlingoti unayumba kule juu. Wanarudia mara tatu mara nne mpaka limegeuka. Watu wote wakapiga makofi na mimi nikashusha simu bila kujua nimeshusha. Hiyo ndo dakika pekee ninayoikumbuka vizuri, na sina video yake.

Sasa pale ninapokaa kuna bibi jirani yetu, miaka yake imepita sabini, mi nilikuwa namwita Obaachan, yaani bibi, na yeye akaniita jina langu akiongeza -chan mwishoni kama mtu anavyomwita mjukuu. Nilimpelekea zawadi ya vitamu kutoka Kyoto maana huku ukisafiri unarudi na chochote kwa jirani, akaniuliza uliona nini nikamwambia kwa kweli niliona vichwa. Akacheka sana. Akasema wiki mbili zijazo njoo kwenye uwanja wa watoto hapa nyuma, jioni, vaa viatu unavyoweza kukanyagia.

Ilikuwa bon odori ya mtaa. Kwa asiyejua, Obon ni siku ambazo Wajapani wanaamini roho za wazee wao waliokufa zinarudi nyumbani, sehemu nyingi ni katikati ya Agosti, na ngoma hizi zinachezwa majira hayo ya kiangazi karibu kila mtaa. Katikati wamejenga jukwaa la mbao refu kama mnara, yagura, lina ngoma kubwa juu na taa za karatasi zimetandazwa kutoka pale kwenda pande zote, na watu wanazunguka duara. Hakuna tiketi wala kiti. Wapo kina mama wa miaka themanini, wapo watoto wa chekechea wamefungwa mikanda ya rangi, wapo wanaume wametoka kazini na shati la ofisi.

Obaachan akanisukuma ndani ya duara. Nikawa naangalia mikono ya watu, nachelewa kila saa, mkono wa wenzangu uko juu wangu uko chini. Akaja nyuma yangu akanigonga kidogo mgongoni akasema usiangalie mikono, angalia miguu ya aliye mbele yako, mikono itakuja yenyewe. Na kweli. Wimbo ulikuwa Tanko Bushi, huu ni wimbo wa wachimba makaa ya mawe wa Fukuoka kule kusini, na kila kitendo cha ngoma ni kazi ya mgodini, unachimba mara mbili, unatupia begani, unaweka kiganja juu ya macho kuangalia mwezi, unasukuma toroli, unafungua mikono. Miguu ilivyokaa sawa, mikono ikaelewa inafanya nini. Nilipojua nachimba nikachimba. Nikarudia mizunguko sijui mingapi, jasho linatiririka, na mtoto mmoja nyuma yangu naye akawa anaangalia miguu yangu!! Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Hapa niseme jambo ambalo najua wengi wenzangu mtajiuliza. Mi ni Muislamu, na sherehe hizi si burudani tupu, neno lenyewe matsuri linatokana na kitenzi cha kuabudu, kuna miungu ndani yake, kuna wafu ndani yake. Nilikaa na swali hili muda mrefu na sikulichukulia kirahisi. Mwisho nikajiwekea mpaka wangu. Kwenda hekaluni kupiga makofi na kuomba, hapana, nasimama pembeni kwa adabu. Kubeba mikoshi, lile hekalu dogo wanaloamini mungu wao amekaa ndani wakati linabebwa mabegani, hapana, na nilishaalikwa nikaeleza sababu na hakuna aliyenichukia, walinipa kazi ya kugawa maji na chai ya baridi kwa wabebaji na nikaifanya kwa moyo wote. Kuzunguka na majirani kwenye duara, nikiangalia miguu, ndiyo. Najua wapo watakaouweka mpaka sehemu nyingine na nawaheshimu. Ninachosema ni uliza kwanza hii ni nini na ya nani, ndo uamue, usiingie kwa sababu picha itatoka nzuri wala usikatae kwa sababu hujaelewa.

Mwaka wa pili Obaachan akaniambia twende kwetu. Kwao ni Gujo Hachiman, mji mdogo wa milimani mkoa wa Gifu, kutoka Nagoya ni kama saa moja na nusu kwa basi, mji wa maji, kila mtaa una mfereji wa maji safi ya baridi yanapita mbele ya nyumba na vijana wanaruka kutoka darajani kwenye mto Yoshida. Pale wana ngoma yao, Gujo Odori, inachezwa kama usiku 30 kuanzia Julai mpaka Septemba, na kati ya tarehe 13 na 16 Agosti wanacheza usiku kucha. Usiku kucha kweli, mpaka alfajiri, usiku nne mfululizo. Ni ngoma ya zaidi ya miaka 400, na mwaka 2022 UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni pamoja na ngoma nyingine za aina hiyo, zote jumla 41. Wenyeji wanasema ngoma yao si ya kutazama ni ya kucheza, na ukifika unaona hakuna hata mahali pa kutazamia, barabara yenyewe imejaa wachezaji kutoka ukuta mpaka ukuta.

Asubuhi tulienda kwanza makaburini. Obaachan alimwagia jiwe la familia maji, akalisugua kwa brashi, akabadilisha maua, akasema na mumewe maneno machache nikasogea mbali nisisikie. Mi nilikumbuka nyumbani tunavyozuru makaburi siku ya Idd, kung'oa majani, kusoma Yasini, kina kaka wamebeba ndoo. Sikusema kitu, nilibeba tu ndoo.

Alafu tukaenda kununua geta. Geta ni viatu vya mbao vyenye meno mawili chini, na Gujo wanavitengeneza kwa mbao ya hinoki, inanukia ukiingia dukani tu. Muuzaji alinipimisha, nikachagua kitambaa cha mkanda, rangi ya buluu, akapitisha kwenye matundu akavuta akakaza kulingana na mguu wangu, akaniambia tembea, nikatembea, akakaza tena. Akasema hivi vitaisha. Nikadhani ananitania. Akanionyesha vya kwake, meno yote mawili yameliwa karibu kuisha, msimu mmoja.

Jioni nikavaa yukata, ile kanzu nyepesi ya pamba, nilijifunga mwenyewe chumbani nikaweka na mtandio wangu nikauchomeka vizuri, nikatoka najiona nimependeza. Obaachan aliponiona uso ulibadilika. Hakusema kitu, akanishika mkono akanirudisha ndani akafunga mlango akanifungua mkanda. Nilikuwa nimefunga upande wa kulia juu ya wa kushoto. Akasema taratibu, hivyo tunavaa maiti. Aliye hai, kushoto inakuja juu ya kulia. Mwili ulinisisimka jamani. Nilikuwa nataka kutoka mtaani na sanda, tena siku ambayo nyumba nzima imetoka kuwaleta wafu wao. Nikaomba radhi nikarudia, akanifunga upya kwa mikono yake akakaza mkanda mpaka pumzi ikapungua, akasema sasa uko hai, twende.

Nikamuuliza njiani, Obaachan, hii ngoma ya leo ni sala? Akafikiri. Akajibu, kaburini nilienda asubuhi, usiku huu nacheza kwa sababu nilizaliwa hapa.

Katikati ya barabara kuna kibanda cha mbao kama kijumba, yakata, waimbaji na wapigaji wamekaa ndani wanaimba wenyewe, hakuna kaseti, na watu wanakizunguka mtaa mzima unazunguka. Nyimbo ziko kumi na kila wimbo una hatua zake. Wanaanza na Kawasaki, taratibu, mikono inapanda kama unaonyesha mlima. Alafu inakuja Harukoma, ya farasi, maana zamani hapa palikuwa pa kuuza farasi na kwenye wimbo wanaitikia bei ya farasi, na hapo ndo vijana wanapiga makelele na kila mtu anarusha mguu, unapiga geta chini, ka ka, ka, mtaa mzima kwa wakati mmoja. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Ni mbao mamia kwa mamia zinagonga lami kwa pamoja, unaisikia kifuani kabla ya masikioni, na ukikosea hatua unajisikia wewe mwenyewe kwa sababu kugonga kwako kunabaki peke yake. Upo na Neko no Ko, ya mtoto wa paka, miguu inaenda kama paka anavyonyata. Nilizishika nyimbo tano tu kwa uhakika, nyingine nilifuata miguu ya mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, sikuuona uso wake usiku mzima, lakini visigino vyake ningevitambua mpaka leo.

Saa sita usiku nilikuwa na malengelenge katikati ya vidole pale mkanda unapopita. Obaachan alikuwa na plasta tayari kwenye mkoba, hakushangaa, alikaa nami kwenye ngazi ya duka tukala kakigori, barafu iliyokunwa na sharubati juu. Akaniambia alipokuwa msichana walikuwa wanalala mchana ili usiku wacheze, na mume wake alikutana naye kwenye duara, yeye akiwa mbele, mume nyuma. Nikamuuliza kwa hiyo aliangalia miguu yako, akanipiga begani.

Ilipokaribia alfajiri nikamwambia natakiwa kuswali. Akanisindikiza kwenye mfereji nikatawadha, maji ya baridi mpaka yanauma na kwa miguu ile ilikuwa neema, alafu tukapata sehemu ya kuegesha magari nyuma ya nyumba iko wazi, nikatandika mtandio wangu wa pili, yeye akasimama kule mbele kanigeuzia mgongo ameshika geta zangu mkononi, analinda asipite mtu. Nilikuwa nasikia ile ka ka, ka ya mtaa wa pili wakati nimesujudu. Hakuniuliza kitu nilipomaliza, aliniwekea geta chini zikiangalia mbele ili niingize miguu tu.

Wimbo wa mwisho unaitwa Matsusaka. Hapo ala zote zinanyamaza, inabaki sauti ya mwimbaji na vipande viwili vya mbao vinavyogonganishwa, na mbingu imeanza kuwa ya kijivu na watu waliobaki ni wachache, wamechoka, hakuna anayerusha mguu tena, wanazunguka polepole. Ulipoisha watu wakainamiana wakasema asante mmechoka, ndo salamu yao, wakatawanyika. Dakika kumi baadaye kulikuwa na wanaume na mafagio, na usiku wake ilikuwa tena.

Mwaka huu nilienda Aomori kaskazini kwenye Nebuta, wiki ya kwanza ya Agosti, ya masanamu makubwa ya karatasi yenye taa ndani, askari na majitu yenye macho makali, mengine yana upana wa mita 9. Kule mchezaji anaitwa haneto na sharti ni vazi, ukishavaa vazi lao kamili kofia na kengele unaingia tu, unaruka mguu mmoja mara mbili na mwingine mara mbili, wanaimba rassera rassera. Niliingia. Ni nzuri, inachosha, nilipoteza kengele zangu karibu zote na watoto waliziokota wakafurahi kwa sababu wanasema ni bahati. Lakini sikuwa na mtu pale. Niliruka na watu nisiowajua alafu nikarudi hotelini, na nilipofika chumbani nilimpigia Obaachan simu saa tano usiku, akapokea, akaniuliza miguu inaumaje.

Kwa hiyo kama unakuja na una siku moja tu, usiende penye watu laki, ulizia bon odori ya mtaa unaokaa, mara nyingi tangazo limebandikwa kwenye ubao wa mtaa au mlango wa duka, nenda mapema uwakute wanafunga taa, shika kamba au ngazi, hawatakukataa. Beba chupa ya maji na plasta. Na ukivaa yukata, kushoto juu.

Zile geta za Gujo nilizileta nyumbani likizo iliyopita. Jino la nyuma la mguu wa kulia limeliwa zaidi kuliko mengine, sijui ninakanyagaje. Mama alizitoa kwenye sanduku akazigeuza akasema sasa hii si mitalawanda hii, umeenda mpaka Japani kununua mitalawanda? Akanieleza bibi yangu mzaa yeye alikuwa nayo, ya mbao na kigingi cha kushikia katikati ya vidole, akienda msalani usiku nyumba nzima inajua. Akavaa. Akatembea ukumbini kwenye sakafu ya simenti, kwa tahadhari, ameshika ukuta, ka, ka, akasimama. Akasema ehee, hivi hivi. Alafu akatembea tena mpaka mlangoni na kurudi, safari hii bila kushika ukuta.